Je, Ni Aibu Kuiga Picha?

Wako watu wasemao kwamba mwanafunzi anakilipo picha ya fundi mwingine hajifunzi neno, bali aiba kazi ya mtu. Maneno hayo si kweli, ila mwanafunzi akitia jina lake chini ya picha kana kwamba aliibuni mwenyewe. Hapo ni mwivi, wala hana wa kumtetea.

Katika nyumba ya makumbusho ya Orsay, mjini Paris, iko picha ya Paul Cézanne, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1839 akafa mwaka 1906. Aliichora karibu na mwaka 1895. Mwanamke mwenye nguo ya buluu ameketi wima, mikono i mapajani. Kando yake pana meza yenye birika la kahawa na kikombe, na ndani ya kikombe kijiko kimesimama. Ni hayo tu, na mtazamaji huyapita upesi. Lakini na ashike brashi aifuatishe, ndipo aione kazi! Huandaa buluu moja, kumbe nguo ile ina buluu nyingi, zimewekwa vipande vipande kama mawe ya ukuta. Huchora meza kama meza ya kwao, kumbe ile yaonekana kama itazamwayo toka juu, na birika lililo juu yake latazamwa kwa ubavu. Tena mshono wa katikati ya nguo umesimama sawasawa na kijiko na birika, hata mtu na vyombo vyafanana. Je, nani angeyaona hayo kwa kutazama tu?

Cézanne mwenyewe alipewa ruhusa ya kunakili picha katika Louvre mwaka 1863. Huko iko sheria kwamba nakala isilingane ukubwa na picha yenyewe, watu wasije wakadanganywa. Nayo ni sheria njema.

Lakini kunakili siku zote bila kuthubutu jambo jingine ni uvivu. Henri Matisse alinakili katika Louvre, mwaka 1893, picha ya Jan Davidsz. de Heem ya mwaka 1640, ya meza iliyojaa matunda na vyombo. Mwaka 1915 akaichora tena, kubwa zaidi, kwa mistari iliyonyoka na rangi zake mwenyewe. Atazamaye nakala ya kwanza humkumbuka de Heem. Atazamaye ya pili humwona Matisse, ingawa meza ni ile ile.