Ushanga Uliomo Katika Maharagwe

Juma hili twataka kusema nanyi juu ya chakula ambacho wengi hukidharau na kukiita chakula cha maskini, yaani maharagwe pamoja na soya. Huenda mkamsikia muuzaji akiusifu unga wa soya kuwa ni dawa ya shinikizo la damu. Je, tumsadiki?

Kwanza tujue protini ni nini. Ni chembe za lishe, za aina 20, zilizotungwa kama ushanga katika uzi mrefu. Tumbo na matumbo huukata uzi huo, ndipo mwili huzitwaa chembe na kujijengea nyama, damu na ngozi. Kipande kifupi chenye chembe chache huitwa peptidi.

Peptidi nyingine zina kazi ya ajabu. Mwaka 1965 mtaalamu Sérgio Ferreira wa Brazili alieleza nguvu ya kitu fulani kilichomo katika sumu ya nyoka wa nchi yake. Baadaye kikajulikana kuwa ni peptidi, nazo huzuia kimeng'enya kinachosaidia kuibana mishipa ya damu. Kwa kuifuata njia hiyo wataalamu walitengeneza dawa ya kaptoprili, iliyokubaliwa Marekani mwaka 1981. Wengine wakatafuta peptidi za namna hiyo katika mimea, wakazipata katika soya na maharagwe.

Lakini mwili wa mtu si chupa ya maabara. Peptidi nyingi hukatwa tena kabla ya kufika katika damu, na nafuu iliyoonekana kwa watu ni ndogo, wala si kila mara. Basi mgonjwa asiviache vidonge alivyopewa na daktari kwa kuutumainia unga. Ale soya kama chakula, avimeze vidonge kama dawa.

Faida iliyo hakika ni ya kuujenga mwili, hasa mwili wa mtoto. Gramu 100 za muhogo mbichi zina protini kama gramu 1 tu, lakini soya kavu ya uzito uo huo ina gramu 36 hivi. Mtoto aliyeachishwa ziwa akalishwa uji wa muhogo mtupu hushiba, lakini hana cha kumkuza. Tena vyakula husaidiana: chembe iitwayo lisini ni haba katika mahindi, bali ni tele katika maharagwe, metionini ni haba katika maharagwe, na mahindi huijazia. Mahindi na maharagwe katika sufuria moja ni ndugu wawili wabebao mzigo mmoja.

Enyi akina mama, angalieni mapishi. Soya mbichi ina kitu kinachozuia protini isikatwe tumboni, na maharagwe mabichi yaweza kuleta kutapika na kuhara. Yalowekeni usiku kucha, mwage maji yale, kisha myachemshe kwa moto mkali dakika 10 au zaidi, na kuendelea mpaka yalainike kabisa.

Nanyi akina baba, mkivuna maharagwe msiyauze yote hata gunia la mwisho. Sehemu ya watoto iwekwe kando kwanza, ndipo yaliyosalia yapelekwe sokoni.