Gari la safari likaguliwe kabla ya siku ya safari



Kila linapoingia kumi la mwisho la Mwezi Mtukufu wa Ramadhani, familia nyingi za Kiislamu zinazoishi Dar es Salaam huanza kuhesabu siku za kwenda kula Iddi kwa wazee: Tanga, Lushoto, Kondoa, Tabora, Mwanza, Ujiji. Kuunga udugu ni ibada, na hatua zinazopigwa kwa nia hiyo hazipotei mbele ya Allah (Subhanahu wa Taala). Hata hivyo, imekuwa ada kwamba nguo za watoto hununuliwa mapema, zawadi za bibi na babu hufungwa mapema, na gari huachwa hadi usiku wa kuamkia safari. Usiku huo hujazwa mafuta, huongezwa upepo, huoshwa likang'ara, kisha baba hutangaza kuwa liko tayari.

Nasaha yetu ya leo ni kwamba gari likaguliwe walau wiki moja kabla ya kuondoka. Ukaguzi huwa na maana pale tu mwenye gari anapokuwa bado na hiari. Fundi akigundua kasoro ya breki siku saba kabla, kuna muda wa kutafuta fedha, kuna muda wa kutafuta kipuri, na kuna muda wa kumpigia mzee simu kumwarifu kuwa safari hii wajukuu watakuja kwa basi, au watachelewa siku mbili. Kasoro hiyo hiyo ikigunduliwa saa tatu ya usiku, mizigo ikiwa imerundikwa mlangoni, jibu huwa ni moja: "Twende hivyo hivyo, Allah atatufikisha."

Kauli hiyo huvaa vazi la tawakkul, lakini sivyo tulivyofundishwa. Katika hadithi aliyoipokea Tirmidhi kutoka kwa Anas bin Malik, mtu mmoja alimuuliza Mtume (Rehema na Amani zimshukie) iwapo amfunge ngamia wake kisha ategemee, au amwache huru na ategemee. Alielekezwa kwanza amfunge. Nayo dua ya kupanda kipando, ambayo asili yake ni aya ya 13 na 14 za Surat Az-Zukhruf, inamkumbusha msafiri neema ya kutiishiwa chombo, na inamkumbusha pia kwamba marejeo yake ni kwa Mola wake. Anayeisoma huku akijua kuwa tairi lake la nyuma limekwisha anajikumbusha kwa ulimi wake mwenyewe kwamba atarejea, na kwamba ataulizwa juu ya waliokuwa wameketi nyuma yake.

Tuanze basi na matairi, kwa kuwa hapa hata mama na watoto wanaweza kufanya kazi ya ukaguzi. Ubavuni mwa kila tairi, baada ya herufi DOT, kuna tarakimu nne za mwisho zinazoonyesha lilitengenezwa lini. Mbili za mwanzo ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Tairi lenye 2318 lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2018. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani, kwa hiyo tairi la mtumba linaweza kuwa na michirizi mirefu ya kupendeza na bado likawa ajuza. Tairi lililopita miaka sita lichunguzwe na fundi kwa makini, na lililofika miaka kumi lisiende safarini hata kama lina sura njema. Lenye kipara, mpasuko au uvimbe ubavuni halina mjadala. Upepo upimwe tairi likiwa limepoa, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko ambacho aghalabu hukaa kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Kibandiko hicho mara nyingi huwa na kipimo cha pili kwa gari lililojaa watu na mizigo, nacho ndicho cha safari ya Iddi. Tairi la akiba lipimwe pia, na jeki ijaribiwe nyumbani.

La pili ni breki. Mwenye kwenda Mwanza atauteremka mlima wa Sekenke baada ya kuipita Singida, na mwenye kwenda Lushoto atapanda kona za kutoka Mombo, ambazo siku ya kurudi atazishuka. Katika mteremko mrefu, breki inayokanyagwa mfululizo hupata joto kali. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu kadiri miaka inavyopita, na yakiwa na maji ndani huchemka mapema. Hapo pedali huzama chini na gari lisisimame. Ndiyo maana fundi asiishie kutazama unene wa pedi tu, bali aulizwe mafuta hayo yalibadilishwa lini. Miaka miwili ni kadirio la kawaida. Na dereva ateremke kwa gia ya chini, ili injini isaidie kulishika gari.

La tatu ni joto la injini. Rejeta, mipira yake na mkanda wa feni vinavyovumilia foleni za mjini vinaweza kusalimu amri katika saa ya tano ya safari. Mipira iliyolegea au kuvimba ibadilishwe. Kifuniko cha rejeta kisifunguliwe injini ikiwa ya moto, kwani maji yake hutoka kwa kishindo na kuunguza uso. Zitazamwe pia oili, betri, waipa na taa zote, pamoja na za breki.

Hapa kuna faida nyingine ya ile wiki moja. Gari lililotoka gereji linahitaji kujaribiwa. Liendeshwe siku mbili tatu mjini, litazamwe asubuhi kama limedondosha maji au oili chini, na nati za magurudumu yaliyofunguliwa zikazwe upya. Kutoka gereji moja kwa moja hadi barabara kuu ni kuifanya familia kuwa chombo cha majaribio.

Baada ya gari, tuwatazame wanaopanda. Gari la watu watano likibeba wanane, watatu hao hawana mikanda, na mara nyingi ni watoto. Mtoto aliyepakatwa hakushikwa. Gari likigonga, hakuna mikono ya mama iwezayo kumzuia. Mizigo mizito ikae chini ndani ya buti, si juu ya keria, kwani uzito wa juu hulifanya gari liwe jepesi kupinduka. Hesabu hiyo ifanywe pia kwa safari ya kurudi, kwa sababu magunia ya mchele wa bibi hayakuwepo wakati wa kwenda.

Kisha yupo dereva. Ndugu yangu, katika siku hizo dereva wa familia ni mtu aliyefunga mwezi mzima, na huenda amekesha katika ibada usiku baada ya usiku. Ibada hiyo ni tukufu, lakini mwili uliokesha hulala hata macho yakiwa wazi. Aliyenuia kuendesha zaidi ya kilomita 1,000 apewe usiku kamili wa kulala kabla ya safari, na safari igawanywe kwa siku mbili. Akisafiri kabla ya mwezi kwisha, Qur'an katika Surat Al-Baqara, aya ya 185, imempa msafiri rukhsa ya kula na kulipa siku nyingine. Sala nazo zimepunguziwa msafiri, naye anaruhusiwa kukusanya Adhuhuri na Alasiri, Magharibi na Isha. Vituo hivyo vya sala viwe ndivyo vituo vya kupumzika, na visivyotosha viongezwe vingine, kila baada ya saa mbili hivi.

Na gari likiharibika njiani, lisogezwe nje kabisa ya barabara, pembetatu za tahadhari ziwekwe mbali nyuma yake, na watoto wakae mbali na lami. Imo katika Sahihi Muslim hadithi ya Abu Huraira inayowataka wasafiri wawape wanyama wao haki yao, na wakitua usiku wajiepushe na njia. Adabu hiyo ya njia inatuhusu hata sisi tusafirio kwa magari.

Tunashauri kila nyumba ikae kikao kifupi wiki hiyo na kukubaliana mambo manne ambayo moja likikosekana, hakuna kuondoka: matairi mazima, breki nzima, mkanda kwa kila roho, na dereva aliyelala. Likubaliwe mbele ya wote, ili siku yenyewe mke au mtoto akilikumbusha asionekane mkaidi. Fedha isipotosha, rangi, rimu na redio vingoje. Na zikikosekana kabisa, basi lipo, na Iddi ya mwakani ipo kwa majaaliwa. Aibu ya kuahirisha huisha kwa simu moja. Mzee anayetungoja kijijini hakuomba tuwahi, aliomba tufike.

Tunamuomba Allah awahifadhi wasafiri wetu wote, awafikishe salama na awarejeshe salama. Amin.