Wageni wa Nchi za Barafu Wamo Mashambani Mwetu

 Nimeshika kalamu kwa sababu ya kauli moja tu iliyotolewa katika mjadala wa chama chetu muhula wa pili. Mada ilikuwa: "Watalii wanaokwenda kwa meli kuwatazama wanyama wa ncha za dunia wanatupa fedha zao baharini." Waungaji mkono walishinda, na sina ugomvi na ushindi wao. Lakini msemaji wao wa mwisho alisimama, akakunja mikono, akauliza: "Kwani pengwini na barafu vinatuhusu nini sisi watu wa Ainabkoi?" Ukumbi ukalipuka kwa makofi na vigelegele, hata baadhi ya walimu wakaangua kicheko. Mimi nilibaki na dukuduku, na naomba mniruhusu nilitoe hapa.

Kwanza nieleze safari yenyewe, maana siku ile wengi walikuwa wanabahatisha tu. Mmoja wetu alisema ati watalii huenda kuwaona pengwini wakikimbizwa na dubu weupe. Jamani! Dubu weupe wako upande wa ncha ya kaskazini, pengwini wako kusini, na hawajawahi kukutana isipokuwa kwenye katuni. Meli nyingi za kwenda Antaktika hung'oa nanga katika mji wa Ushuaia, kusini kabisa mwa Argentina. Kutoka hapo ni siku mbili hivi za kuvuka mkondo wa Drake, bahari ambayo mawimbi yake huwalaza kitandani hata mabaharia wazoefu. Wakifika, abiria hushushwa kwa maboti ya mpira wakatembee nchi kavu. Kuna masharti. Hawaruhusiwi zaidi ya watu 100 kushuka mahali pamoja kwa wakati mmoja. Meli yenye abiria zaidi ya 500 hairuhusiwi kushusha hata mtu mmoja. Viatu husuguliwa na kuoshwa ili mbegu ya nyasi ya ugenini isije ikaota kule. Na mtalii hatakiwi kumkaribia pengwini, asimame umbali wa mita 5. Pengwini mwenyewe akitaka kukukaribia, hiyo ni hiari yake.

Gharama ni maelfu ya dola kwa mtu mmoja. Hapo nawaunga mkono washindi wa mjadala, hizo ni pesa za kusomesha kijiji. Tena kuna hasara nyingine ambayo hawakuitaja, nami nawapa bure. Mwaka 2022 wanasayansi walitoa utafiti kuhusu moshi wa meli hizo na mitambo ya kule. Masizi meusi huanguka juu ya theluji, theluji ikishakuwa nyeusi hunyonya joto la jua, basi huyeyuka upesi. Walikadiria kuwa kila mtalii mmoja husababisha tani 83 hivi za theluji kuyeyuka kabla ya wakati wake. Msimu wa 2022 hadi 2023 waliokwenda walizidi 100,000. Pigeni hesabu wenyewe. Mtu anasafiri kwenda kukipenda kitu, na safari yake inakimaliza kile anachokipenda.

Hata hivyo sitakuwa mnafiki. Nikipewa tikiti leo jioni, kesho asubuhi mtanikosa kwenye gwaride. Nitakwenda na sweta hii hii ya shule.

Sasa turudi kwa lile swali la "vinatuhusu nini". Barafu sisi tunaijua. Anayetembea kuja shule saa kumi na mbili asubuhi mwezi wa Januari anajua sakitu inavyong'aa kwenye nyasi na inavyounguza majani ya viazi. Jirani zetu wa Timboroa wana reli inayopita zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari. Na mtu wa kwanza kuiwakilisha Kenya katika Michezo ya Olimpiki ya majira ya baridi alikuwa Philip Boit, mzaliwa wa Eldoret. Ilikuwa kule Nagano, Japani, mwaka 1998. Alimaliza wa mwisho katika mbio za kilomita 10 za kuteleza kwenye theluji, na bingwa wa mbio zile, Bjørn Dæhlie wa Norway, akamsubiri kwenye utepe amkumbatie. Boit baadaye akampa mwanawe jina hilo la Dæhlie. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba theluji ni mambo ya Wazungu.

Lakini hoja yangu kubwa haiko kwenye baridi, iko kwenye wanyama. Wale wale ambao watalii huwafuata mpaka miisho ya dunia, wengine wao huja kwetu. Huja wenyewe, bila tikiti, kila mwaka.

Chukueni mfano wa nyangumi mwenye nundu. Huyu hukua kufikia mita 15 hivi, uzito wake waweza kufika tani 30. Chakula chake katika bahari ya Antaktika ni uduvi wa maji baridi, hao wadogo kama kidole, anaowameza kwa mamilioni. Akishiba na kunenepa huanza safari ya kaskazini, maelfu ya kilomita, kutafuta maji ya joto azalie humo na kunyonyesha. Kuanzia Julai hivi hadi Septemba huonekana pwani yetu ya Kenya, hasa Watamu, akirukaruka na mtoto wake ubavuni. Kutoka hapa mpaka Watamu ni basi la usiku na matatu mbili. Si karibu, lakini si Argentina.

Nyangumi hao walikaribia kumalizwa. Katika kisiwa cha South Georgia, ambacho siku hizi meli za watalii hutia nanga kuwatazama pengwini, kulikuwa na viwanda vya kuchinja nyangumi na kuwapika mafuta kuanzia mwaka 1904 hadi miaka ya 1960. Waliochinjwa kisiwani humo tu walifika 175,000 hivi. Mafuta yao yaliwashwa kwenye taa na kutengenezewa sabuni na siagi ya kupaka mkate. Kila aliyeuawa kule alikuwa pengo katika bahari ambayo wenzake hufuata kuja kuzaa. Mwaka 1979 Bahari ya Hindi ilitangazwa kuwa hifadhi ya nyangumi, na waliolipeleka pendekezo hilo mbele ya mataifa hawakuwa Marekani wala Uingereza. Walikuwa Ushelisheli, nchi ndogo kuliko tarafa nyingi za hapa kwetu. Nao wangeweza kusema, "Vinatuhusu nini?"

Haya, mtasema pwani ni mbali na Ainabkoi hakuna bahari. Basi njooni shambani.

Ngano ikishavunwa, kuanzia Oktoba hivi, kuna ndege mdogo ambaye hutua kwenye mabua na kwenye madongoa. Dume ana mgongo wa kijivu, kifua chenye rangi ya mchanga, na mstari mweusi unaopita jichoni. Jike ni wa kahawia. Wote wawili wakiruka utaona kiuno cheupe pe, na mkia wenye mchoro mweusi kama herufi T iliyopinduliwa. Hasimami kwenye miti. Hupenda jiwe, kichuguu au nguzo ya uzio, anainamainama kama anayesalimia wakubwa, kisha anakimbia chini kudaka mdudu. Katika vitabu vya ndege ameandikwa Oenanthe oenanthe. Nilimwuliza Kogo, mama yake baba, jina lake. Akanitazama, akasema: "Si ni ndege tu!"

Ni ndege tu, kweli. Uzito wake ni gramu 25 hivi, yaani chukua robo kilo ya sukari uigawe mafungu kumi, yeye ni fungu moja. Sasa sikilizeni. Wanasayansi waliwakamata ndege wa aina hii huko Alaska, kaskazini kabisa mwa Amerika, wakawafunga mgongoni vyombo vidogo vya kurekodi mwanga wa jua. Vyombo hivyo havifiki hata gramu mbili. Kwa kuangalia saa za mapambazuko na machweo waliweza kujua ndege alikuwa wapi kila siku. Matokeo yalitolewa mwaka 2012. Ndege hao walivuka bara la Asia zima, wakapita Uarabuni, wakaja kukaa majira yao ya baridi Sudan, Uganda na hapa Kenya. Kilomita 14,500 kwa kwenda tu, kwa muda wa miezi mitatu hivi. Kisha mwaka ukigeuka wakarudi Alaska kutaga.

Si kila mmoja anayetua Ainabkoi ametoka Alaska. Wengine wametoka Ulaya, wengine Urusi. Lakini yupi ni yupi hutaweza kutambua kwa macho, kwa hiyo kila ukimwona mmoja juu ya nguzo, mheshimu kana kwamba ndiye aliyetoka mbali zaidi. Nao hawako peke yao. Kwenye matope ya Ziwa Nakuru na ya ghuba ya Mida kule Watamu hushuka makundi ya ndege wa majini walioanguliwa Siberia, mahali ambapo ardhi ya chini haiyeyuki barafu hata kiangazi.

Mgeni huyu tunampokeaje? Oktoba iliyopita niliona watatu wametungikwa kwa uzi kwenye uzio wa njia ya kuja shule. Wamepigwa kwa manati. Hawakuliwa, maana gramu 25 ni mlo gani? Walitungikwa ili waonekane, basi. Sitaji mtu wala kidato, ila mikono iliyofunga uzi ule ilikuwa na masweta kama yetu. Ndege amekwepa vipanga wa mabara mawili, amepita jangwa, amefika kwenye shamba la ngano la Uasin Gishu, akauawa na mtu aliyekuwa anangojea kengele ya saa mbili.

Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone. Ndege huyu hula mende wa shambani, siafu na viwavi. Mkulima hamlipi chochote. (Najua kuna msemo mwingine, wa mgeni kupewa jembe siku ya tatu. Huyu jembe amekuja nalo.)

Kuna watakaosema tuna shida kubwa kuliko hizi: karo, bei ya mahindi, viazi vinavyoozea barabarani lori lisipokuja. Ni kweli, na nyumbani kwetu shida hizo zote tunazo. Lakini siombi shilingi ya mtu. Naomba mambo ambayo hayana bei.

La kwanza ni manati. Ikiwa tajiri aliyelipa maelfu ya dola anaambiwa asimame mita 5 kutoka kwa pengwini, naye anatii, sisi tunashindwaje kuziacha manati nyumbani? Walimu wa zamu hukagua kucha na nywele kila Jumatatu. Wakague na mifuko.

La pili ni chama cha wanyamapori cha shule yetu, ambacho kimebaki jina tu kwenye ubao wa matangazo. Wildlife Clubs of Kenya yenyewe ilianzishwa mwaka 1968 na wanafunzi wa shule za upili, vijana wa umri wetu, si mabwana wakubwa wa Nairobi. Hiki cha kwetu mara ya mwisho kukutana ilikuwa kuchagua mweka hazina. Hazina yenyewe haipo.

Tena sisi wa shule ya kutwa tuna bahati ambayo wa bweni hawana. Wao wamefungiwa ndani ya uzio. Sisi tunapita mashambani mara mbili kila siku, asubuhi na jioni, kutoka pande zote: wengine kutoka upande wa stesheni, wengine upande wa msituni. Na likizo ya Novemba na Desemba, wageni wakiwa ndio kwanza wamezoea, sisi tuko nyumbani tunachunga. Hakuna meli ya utalii yenye macho mengi kama yetu. Kule Watamu manahodha wa mashua huandika kila nyangumi wanayemwona, siku gani na mahali gani, na taarifa zao hukusanywa na Watamu Marine Association. Ndivyo ilivyojulikana nyangumi huja lini na huondoka lini. Hawakuanza na kompyuta. Walianza kwa kuandika.

Nanyi wanachama wenzangu wa Kiswahili, kuna kazi yetu hasa. Tumekaririshwa majina ya vikembe vya wanyama, kinda, ndama, sijui nani, lakini ndege anayesimama kwenye uzio wetu miezi mitano hatuna la kumwita. Wazee wa pande hizi waulizwe, Wakalenjin na Wakikuyu na Waluhya, kila mmoja kwa lugha yake, kabla hawajaondoka na majina hayo. Tukikosa kabisa, tumbuni jina sisi wenyewe, tulichapishe katika toleo lijalo la gazeti hili.

Daftari nimekwisha nunua, la kurasa 96. Nimelichora mistari: tarehe, saa, mahali, ndege wangapi, walikuwa wanafanya nini, na jina la aliyewaona. Litakaa kwa mlezi wa chama kuanzia Oktoba mosi na litafungwa wageni watakapoondoka mwezi wa Machi. Mwenye darubini kwao, hata kama jicho lake moja limevunjika, aniletee Kidato cha Tatu Magharibi, dawati la nyuma karibu na dirisha.