Baba, Mwana na Medali

 

Mwezi Juni 2025 mahakama moja nchini Norway ilitoa hukumu katika kesi iliyofuatiliwa na wapenzi wengi wa riadha. Mshitakiwa alikuwa Gjert Ingebrigtsen, baba na aliyekuwa kocha wa Jakob, kijana aliyemshinda Timothy Cheruiyot wa Kenya katika mita 1,500 kwenye Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021. Oktoba 2023 Jakob na kaka zake wawili walitangaza hadharani kwamba baba yao aliwalea kwa vitisho na vipigo. Baba alikanusha. Mahakama haikumtia hatiani katika mashitaka yaliyomhusu Jakob, bali ilimwona na kosa la kumpiga binti yake kwa taulo, ikampa kifungo cha nje cha siku 15.

Zaidi ya hapo hatuna haki ya kumhukumu mtu. Linalotushughulisha ni kwamba ndugu hao watatu wote wamepata kuwa mabingwa wa Ulaya, na nyumba iliyowalea ikaishia kizimbani.

Kabla yao alikuwapo Andre Agassi wa Marekani. Baba yake alikuwa bondia aliyeiwakilisha Iran katika Olimpiki za 1948 na 1952, akarudi bila medali. Mwanawe alipofika umri wa miaka saba, alimwekea mashine ya kurusha mipira ya tenisi, apige mipira 2,500 kila siku. Kijana alitwaa mataji makubwa manane. Kisha katika kitabu chake cha mwaka 2009 akakiri kwamba tenisi aliichukia muda wote.

Ndugu zetu, haya si ya Wazungu peke yao. Nendeni viwanjani kwetu jioni mkawaone akina baba wanaomfokea mtoto wa miaka kumi kwa pasi iliyopotea, hali adhana ya Magharibi imekwisha adhiniwa. Wengi wao walitamani kuvaa jezi ya taifa wasijaaliwe.

Uislamu haukuharamisha michezo. Mtume (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha (R.A.). Imamu Ghazali naye alitaka mtoto aachiwe kucheza baada ya darasa, kwani kumzuilia mchezo na kumlemea kwa masomo huua moyo wake. Mchezo aliokusudia ni ule wa kumpumzisha mtoto. Ukigeuzwa kuwa kazi ya kutimiza hamu ya baba, hapo mapumziko hayapo tena.

Tuzingatie pia kisa cha Nabii Ibrahim (A.S.) katika Surat As-Saffat. Alioteshwa jambo zito kuliko yote, nalo ni amri ya Mola wake. Hata hivyo alimweleza mwanawe na kumtaka atoe rai yake. Ikiwa katika amri ya Mwenyezi Mungu mtoto aliulizwa, vipi asiulizwe katika mpira?

Mzazi mmoja alitujia msikitini akataka kujua iwapo mwanawe, anayekataa kwenda mazoezini, ni mwenye kuwaasi wazazi. Tulimjibu kuwa utii kwa wazazi ni wajibu mkubwa, lakini haukuwekwa ili mwana abebe matamanio yaliyomshinda baba. Kisha tukamuuliza mwanawe anapenda nini. Alinyamaza kitambo, akasema hajapata kumuuliza.