Kabla ya kununua programu, mwite karani

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa, na si uvivu. Chama kimoja cha akiba na mikopo cha wakulima wa majani chai, hapa hapa Kericho, kiliniita niwachagulie programu mbili: moja ya kushirikiana nyaraka ofisini na nyingine ya kuendeshea tovuti yao. Jina la chama nitaliacha. Mkisoma mtaelewa.

Shida yao ilianza na waraka wa gawio. Toleo moja lilibandikwa kwenye vituo vya kupimia chai, jingine likawekwa kwenye tovuti, na asilimia hazikufanana. Wakulima waliosoma ile kubwa walifika ofisini asubuhi na mapema, mabuti yakiwa bado na tope, wakidai pesa yao. Nilipofungua kompyuta ya ofisi nilikuta faili tatu: waraka_mwisho, waraka_mwisho_kabisa, na waraka_mwisho_kabisa2. Moja ilikuja kwa barua pepe, moja kwa WhatsApp, ya tatu kwa flashi. Hakuna aliyedanganya. Kila mtu alikuwa na "ya mwisho" yake.

Nilipofika, wakubwa walikuwa tayari na karatasi ya bei kutoka kwa muuzaji mmoja wa Nairobi. Mfumo mkubwa, unalipiwa kwa kila mtumiaji kila mwezi, wenye kalenda, gumzo, michoro ya rangi na vitu ambavyo hata mimi sikujua kazi yake. Mwenyekiti alikuwa ameupenda kwa sababu maonyesho yake yalipendeza. Nikamwuliza, "Mzee, huyu bwana akisharudi Nairobi, nani hapa ataushika?" Akanitazama mimi. Basi hapo ndipo palipo na tatizo.

Naomba niseme ukweli wangu kabla sijawasema wengine. Miaka mingi iliyopita niliiwekea shule moja tovuti ya Joomla 1.5. Nililipwa, nikapiga picha, nikaondoka. Joomla 1.5 iliacha kupewa viraka vya usalama mwaka 2012, na pale shuleni hakuna aliyejua kwamba programu huchakaa kama paa la mabati. Siku moja mzazi akanipigia simu: tovuti ya shule inauza vidonge vya wanaume. Programu haikuwa mbaya. Mimi ndiye niliyechagua kitu nilichokiweza mimi, nikawaachia watu wasiokiweza.

(Kwa wasiojua: jina Joomla limetokana na neno letu "jumla". Mwaka 2005 watengenezaji wa programu ya Mambo, ambayo nayo jina lake tunalielewa vizuri, waligombana na kampuni iliyokuwa inaimiliki, wakachukua msimbo wao na kuanza upya kwa jina jipya. Kiswahili kimesafiri kuliko sisi.)

Kisa hicho cha Mambo ndicho sababu ninayowapa watu wanaoniuliza kwa nini napenda programu huria. Bei ya sifuri ni jambo zuri, lakini si kubwa. Kubwa ni kwamba wenye programu wakigombana au wakichoka, kazi yako haizikwi nao. Google Wave ilitangazwa kwa kishindo mwaka 2009, na mwaka uliofuata Google ikaacha kuiendeleza. Meta nayo ilitangaza Mei 2024 kwamba Workplace, ambayo ofisi nyingi duniani zilikuwa zikiitumia, inafungwa. Chama cha wakulima kina kumbukumbu za mikopo ya miaka kumi na zaidi. Hakiwezi kuhama nyumba kila mwenye nyumba akibadili mawazo.

Lakini hata programu huria haichaguliwi kwa mapenzi. Nilifanya jaribio moja tu. Nilimwomba mama karani, ambaye ndiye anayeandika nyaraka zote, akae mbele ya kila programu na afanye mambo matatu bila mimi kugusa kipanya: apandishe waraka, arekebishe tarakimu moja, kisha arudishe toleo la jana. Drupal naipenda sana, ni imara na ina mpangilio mzuri wa ruhusa. Baada ya nusu saa mama alivua miwani akasema, "Kijana wangu, hii ilitengenezwa kwa ajili yako." Nikaifunga. Kwa WordPress alimaliza kabla chai haijapoa, na toleo la jana alilipata mwenyewe.

Kwa nyaraka za ndani nilipendekeza Nextcloud, iliyotokana na ownCloud mwaka 2016. Inahifadhi matoleo ya zamani ya faili, na inaweka nakala kwenye kompyuta ya kila mtu, hivyo mtandao ukikatika kazi inaendelea na mabadiliko yanapanda baadaye. Mkazi wa Kericho hahitaji kuelezwa umuhimu wa hilo. Alasiri mawingu yakishuka, radi ikapiga na mvua ya mawe ikaanza kugonga mabati, stima inaweza kupotea wakati wowote.

Ina ubaya wake. Watu wawili wakirekebisha faili moja wakiwa nje ya mtandao, utapata nakala mbili zinazogombana, yaani tumerudi kwa waraka_mwisho. Seva inahitaji betri ya akiba, nakala rudufu iliyo nje ya jengo, na mtu wa kuweka masasisho. Ofisi ya watu wanne isiyo na fundi, naiambia wazi: lipia huduma ya mtandaoni, ulale. Kuweka seva yako mwenyewe wakati huna wa kuiangalia ni majivuno. Chama hiki kina kijana wa hesabu anayeipenda kompyuta, na nimetaka aandikiwe kazi hiyo kwenye barua ya ajira, pamoja na saa zake. Lipo pia suala la Sheria ya Kulinda Data ya 2019: namba za vitambulisho vya wanachama zilikuwa zinazunguka kwenye kundi la WhatsApp ambalo hata aliyeacha kazi bado yumo.

Sharti langu la mwisho halikuwa la programu. Waraka unaokwenda kwa wakulima unatolewa na mtu mmoja, kutoka folda moja, na cha kituoni kinachapwa kutoka kilichoko kwenye tovuti. Hapo ndipo mabishano yalipokuwa makali, kwa sababu kila mkubwa alitaka awe yeye.

Bodi inakaa Alhamisi. Mwenyekiti bado anaiulizia ile michoro ya rangi. Mama karani, bila kungoja mtu, ameshahamisha mihtasari yote ya mikutano, na zile faili tatu amezifuta mbili.