Maji ya samaki si maji ya mtoto

MAMA mmoja wa mtaa wa Jericho aliniletea mtoto wa miaka mitano aliyekuwa amehara siku mbili mfululizo. Macho yalikuwa yameingia ndani na midomo imekauka. Tulimpa maji yenye chumvi na sukari ya pakiti, kijiko baada ya kijiko, na kwa bahati nzuri akapata nafuu. Nilipomwuliza mama maji ya kunywa huyatayarisha vipi, alinijibu kwa fahari: "Daktari, maji yetu ni salama. Siku hizi tunayatoa ile dawa kwanza."

Kisa chenyewe kilianza na samaki. Kifungua mimba wake alikuwa amenunuliwa samaki wanne wa mapambo, akawafuga sebuleni katika tangi la kioo. Jumamosi moja kijana akamwaga maji yote machafu, akajaza mengine moja kwa moja kutoka mferejini. Kufikia jioni, samaki wote walikuwa wakielea tumbo juu. Jirani akawaambia kwamba walioua ni klorini, ile dawa inayotiwa majini. Mama akawaza: ikiwa dawa hii imeua samaki kwa saa chache, inafanya nini matumboni mwa wanangu? Tangu siku hiyo akawa anaacha ndoo wazi kutwa kucha, harufu ya dawa iishe, ndipo familia inywe.

Ndugu msomaji, siwezi kuapa kwamba maji hayo ndiyo yaliyomharisha mtoto. Lakini mama huyu alichukua kanuni nzuri ya kufuga samaki akaitumia mahali pabaya, na si yeye peke yake. Wengi huniuliza swali hilo hilo.

Tuanze na samaki. Samaki hupumua kwa matamvua, yale mashavu mekundu yaliyo kando ya kichwa. Maji hupita hapo mchana na usiku, yakitenganishwa na damu kwa ngozi nyembamba mno. Klorini huiunguza ngozi hiyo, naye samaki hukosa hewa akiwa ndani ya maji. Binadamu hapumui maji. Huyameza, na klorini kidogo iliyomo huisha nguvu inapokutana na mate, chakula na majimaji ya tumboni. Shirika la Afya Duniani linakubali hadi miligramu 5 za klorini kwa lita moja ya maji ya kunywa, na linataka angalau miligramu 0.2 ziwe zimebaki maji yanapomfikia mtumiaji. Kiasi kinachomfaa mtoto wako chaweza kumwua samaki.

Kwa nini dawa hii ibaki? Sehemu kubwa ya maji ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, na kusafishwa Ng'ethu kabla ya kusafiri kwa mabomba hadi huku kwetu Eastlands. Safari ni ndefu. Siku za mgao, mabomba yanapokuwa matupu, uchafu ulio nje waweza kunyonywa kupitia nyufa, hasa pale bomba la maji linapopita karibu na la maji taka. Klorini iliyobaki ndiyo askari wa njiani. Mnamo 1908, daktari John Leal alipoongoza kazi ya kutia klorini maji ya Jersey City, Marekani, jambo hilo lilifika hadi mahakamani. Mahakama iliridhika kwamba dawa hiyo haiwadhuru wanywaji. Nasi tusisahau kwamba kipindupindu kilifika Nairobi mwaka wa 2017, kisha kikarudi katika mlipuko ulioanza nchini mwishoni mwa 2022.

Je, mfugaji wa samaki afanye nini? Atenge ndoo ya samaki pekee, isiyowahi kuguswa na sabuni. Ateke maji, ayaache wazi kwa siku moja au mbili, na ikiwezekana ayaweke juani na kuyakoroga mara kwa mara. Klorini ya kawaida itapaa hewani. Asibadilishe maji yote kwa pamoja. Robo ya tangi yatosha.

Kuna pia kloramini, yaani klorini iliyounganishwa na amonia, ambayo hutumika katika miji mingi ya Marekani. Hiyo haipai upesi, hata ndoo ikikaa wazi siku mbili. Huingia katika damu ya samaki na kuizuia kubeba hewa. Ndiyo maana hospitali huiondoa kwa makaa maalumu katika maji ya mashine za kusafisha damu ya wagonjwa wa figo, kwa kuwa maji hayo hukaribiana na damu kama yale ya matamvua. Anayeshuku kloramini atumie matone ya sodiamu thiosalfeti yanayouzwa kwa wafugaji wa samaki, akifuata maelezo ya chupa. Lakini ajue kwamba matone hayo huvunja kloramini na kuacha amonia, ambayo nayo ni sumu kwa samaki. Kwa hiyo achague dawa inayotuliza amonia pia.

Sasa sikiliza neno langu kuu. Maji yaliyo tayari kwa samaki ni maji yasiyo na ulinzi tena. Pipa lililokaa siku tatu likingoja mgao ujao limepoteza klorini yake, sawa na ndoo ya samaki. Mkono mmoja mchafu au kikombe kimoja kilichochovywa humo chatosha kuleta maradhi. Hata kuchemsha huondoa klorini. Huua viini vilivyomo, ila hakuzuii vingine kuingia baadaye.

Kwa hiyo maji ya kunywa yaliyokaa yachemshwe, au yatiwe dawa ya maji kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa na kuachwa dakika 30. Yatunzwe katika chombo chenye kifuniko na, ikiwezekana, mfereji mdogo wa kutekea. Asiyependa harufu ya dawa ajaze jagi, alifunike, aliweke mahali pa baridi, na kuyanywa maji hayo siku hiyo hiyo.

Kwa maoni yangu, harufu hafifu ya klorini si jambo la kulalamikia. Mimi huingiwa na wasiwasi mfereji wangu unaporudi baada ya mgao na nisiisikie kabisa.

Mama yule sasa ana ndoo mbili. Moja iko wazi kibarazani, imechorwa samaki kwa rangi. Nyingine iko jikoni, imefunikwa, na hakuna anayeruhusiwa kuchovya kikombe.