Duka lina kufuli tatu, barua pepe iko wazi

Rafiki yangu anauza vifaa vya ujenzi hapa Mombasa. Dukani ana kufuli tatu, geti la chuma na mlinzi wa usiku. Mwezi uliopita alipoteza laki tatu na themanini bila kufuli hata moja kuguswa. Amenipa idhini nisimulie, bila jina.

Alikuwa akingoja ankara ya mabati kutoka kwa msambazaji wake wa miaka mingi. Ikaja katika mazungumzo yaleyale ya barua pepe, na maelezo mafupi kwamba akaunti ya benki imebadilika. Akalipa. Siku nne baadaye msambazaji akampigia: "Sheikh, mbona kimya?"

Tulipoketi baada ya Isha nikamuuliza neno lake la siri ni lipi. Jina la duka na 123. Vijana watatu wa dukani walilijua, na wawili walishaacha kazi. Sisemi wao ndio walioiba. Neno kama lile hata mtu wa mbali hulikisia. Aliyeingia alikaa humo, akasoma, akangoja ankara kubwa.

Tukitajiwa mashambulizi ya mtandaoni, wengi hukumbuka Julai 2023, eCitizen ilipoelemewa na kundi lililojiita Anonymous Sudan likadai ndilo lililohusika. Lile lilikuwa jambo la kuziba mlango kwa umati wa maombi bandia hadi wenye haja wasipite. Limetuachia udhuru mbaya: ikiwa serikali yenyewe ilitikiswa, mimi mwenye duka nitafanya nini? Siukubali. Uthibitisho wa hatua mbili kwenye barua pepe ni bure. Ukiambiwa akaunti imebadilika, mpigie msambazaji kwa nambari uliyonayo tangu zamani, si ile iliyo kwenye barua hiyo. Na kijana akiacha kazi, neno la siri libadilishwe jioni hiyohiyo.

Pesa zilishatolewa; polisi na benki wamearifiwa. Linaloniuma zaidi ni kwamba humo humo kwenye barua pepe mlikuwa na nakala za vitambulisho vya wateja anaowakopesha. Hiyo ni amana ya watu. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 haikuandikiwa mabenki peke yake: data ikidukuliwa na ikawepo hatari ya kweli kwa wenyewe, Kamishna wa Data aarifiwe ndani ya saa 72 tangu ujue, na wenyewe waelezwe. Faini yaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mauzo ya mwaka, kiasi kilicho kidogo.

Nilimuuliza kama amewaambia wateja. Akanyamaza, kisha akasema, "Wataniona mzembe."

Saa 72 zimeshapita, na sheria yamtaka aliyechelewa aeleze sababu. Jana usiku tulianza kuiandika barua ya Kamishna. Tumekwama hapo kwenye sababu.